Pointi gadi ni konda, si dereva

Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 26 Juni 2009, redio zilikuwa zimeanza kutangaza kifo cha Michael Jackson. Saa chache baadaye, kabla huku kwetu hakujapambazuka, jina la Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, lilisomwa la pili kule New York katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua. Urefu wake ni mita 2.21, na namba hiyo ndiyo tuliyoishika kuliko nyingine zote.

Tangu hapo makocha wa shule za huku, Arusha na Moshi, tumekuwa kama mafundi cherehani. Mtoto akiingia getini tunampima kwa macho kwanza, salamu baadaye. Wa kidato cha pili mwenye mita 1.90 anafuatwa darasani, anaombewa ruhusa kwa mwalimu wa nidhamu, anatafutiwa raba za namba yake sokoni Kilombero hadi zinapatikana. Sina ugomvi na warefu, na timu isiyo na mrefu inalala na njaa. Ila sijawahi kusikia kocha akisema amezunguka shule tatu kutafuta pointi gadi, yule anayepandisha mpira na kuwachezesha wenzake. Huyo tunaamini atajitokeza mwenyewe.

Naomba turudi kwenye orodha ya usiku ule, tushuke nafasi tano chini ya Thabeet. Wa saba alikuwa kijana wa mita 1.88, mwembamba kama ufito, kutoka chuo kidogo kinachoitwa Davidson. Waliomtilia shaka walikuwa na swali moja: huyu ni pointi gadi kweli, au ni mfungaji mfupi tu? Jina lake Stephen Curry.

Swali lile lilikuwa halali. Miaka yake miwili ya kwanza chuoni alicheza namba mbili, gadi ambaye kazi yake kubwa ni kufunga, na aliyechezesha timu alikuwa Jason Richards. Machi 2008 Davidson walifika hatua ya timu nane bora za vyuo Marekani na wakafungwa na Kansas 59 kwa 57. Katika shambulizi la mwisho mabeki wawili walimzingira Curry, akatoa mpira kwa Richards, mtupo ukakosa. Richards akahitimu, na msimu uliofuata Curry akakabidhiwa mpira. Asisti zake, yaani pasi zinazozaa kikapu, zilipanda kutoka 2.9 hadi 5.6 kwa mechi, na bado akaongoza nchi nzima kwa kufunga, wastani wa pointi 28.6.

Lakini mechi ninayowasimulia vijana wangu ni nyingine. Novemba 2008 walicheza na Loyola ya Maryland, na kocha wa Loyola akaamua wachezaji wawili wamng'ang'anie Curry mechi nzima, mpira awe nao au asiwe nao. Curry akaona hesabu. Akaenda kusimama kona na walinzi wake wawili, akawaachia wenzake wanne wacheze na watatu waliobaki. Alipiga mitupo mitatu tu, yote ikakosa. Mfungaji bora wa vyuo vyote Marekani alimaliza na pointi sifuri, Davidson wakashinda 78 kwa 48.

Kila nikimaliza kuisimulia, lazima chalii mmoja aulize: "Sasa kocha, na yeye alifurahi?" Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Vijana wetu mikono wanayo. Shida ni kwamba hawajawahi kuwekwa mahali ambapo kushinda bila kufunga kunaonekana kama ushindi, na aliyewanyima mahali hapo ni uwanja wenyewe.

Njoo jioni kwenye kiwanja chochote cha zege hapa mjini. Ringi ni mbili, moja imeinama kama sikio la mbwa mzee, kwa hiyo watu ishirini wamejazana upande mmoja. Wanacheza watatu kwa watatu, nusu uwanja, mpaka 11, mshindi anabaki. Ukifungwa unaweza kukaa ukutani nusu saa ukisubiri zamu. Saa ya kuhesabu sekunde ambazo timu inapewa kupiga hakuna. Mpira unaanzia juu ya mstari wa pointi tatu, mkononi tayari, hakuna aliyeupandisha wala aliyejaribu kuuzuia usipande. Watatu kwenye nafasi ile wana uwanja mpana, kila mtu na beki wake, na mwenye uwezo wa kumpita beki wake ndiye mfalme. Akimpita kwa dribo ya kati ya miguu, ukuta mzima unapiga kelele. Akitoa pasi ya kumpa mwenzake kikapu rahisi, ukuta unamshangilia aliyefunga.

Hata mchezo rasmi wa watatu kwa watatu, ule ulioingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, una saa ya sekunde 12. Wetu hauna hata hiyo. Kijana anayelelewa hapo kuanzia miaka 11 anafika 16 akiwa namba mbili aliyekamilika. Kisha tunamchukua kwenye timu ya shule, tunaona anavyoutawala mpira, tunasema huyu ndiye pointi gadi wetu. Tumemwona anajua kushika usukani, tukadhani anaijua safari.

Watu hupenda kusema pointi gadi ni dereva wa timu. Panda hiace ya kwenda Sakina uone nani anaendesha safari. Dereva ameshika usukani, macho mbele, muziki juu. Konda ndiye anayejua nani amelipa na nani anajifanya amesinzia, nani anashuka wapi, mama mwenye ndoo akae siti ipi ili asizibe mlango, na trafiki leo wamesimama upande gani. Akigonga bati gari linasimama, akigonga tena linaondoka. Usukani haugusi, na bila yeye gari lile ni bati lenye watu wanaogombana. Chalii wa nusu uwanja ni dereva mzuri mno. Kumfanya pointi gadi ni kumtoa kwenye usukani na kumsimamisha mlangoni, na hakuna dereva anayefurahia kushushwa cheo namna hiyo.

Nina mmoja niliyeanza naye akiwa kidato cha tatu, miaka 15. Nitamwita dogo, maana ndivyo kila mtu kiwanjani anavyomwita. Alikuwa anafunga anavyotaka. Siku ya kwanza ya mechi ya uwanja mzima, mabeki walimkaba kuanzia chini ya ringi yetu, na kabla hajafika katikati alikuwa ameshapoteza mpira mara tano. Alinitazama kama mtu aliyebadilishiwa mchezo bila taarifa. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Uwanja rasmi una mita 28, na unapewa sekunde 8 kuvuka nusu. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba huko nyuma nako kunachezwa.

Tulichobadilisha kwanza ni saa. Hatuna ile ya umeme, kwa hiyo wanaosubiri zamu ukutani ndio saa yetu: wanahesabu kwa sauti kutoka 24 kushuka, na kelele zao sasa zina kazi. Sekunde 24 zenyewe hazikuja kwa bahati. Waliozianzisha kwenye NBA mwaka 1954 walichukua mechi ya dakika 48, yaani sekunde 2,880, wakaigawa kwa mitupo 120 ambayo waliona inafanya mechi ichangamke. Kimataifa tulizipata mwaka 2000, kabla ya hapo zilikuwa 30. Ukitoa 8 za kupandisha, dogo anabakiwa na 16, na kupanga watu kunakula nne au tano. Akidundisha papo hapo kwa sekunde sita akimchezea beki wake viuno, wenzake wamegandishwa na muda umekwisha. Aliposikia kwa mara ya kwanza watu ishirini wakitamka "tatu, mbili" huku mpira bado uko mkononi mwake, alielewa jambo nililokuwa nalisema kwa miezi.

Halafu tukaiga kona ya Curry. Tunamweka dogo kona na mabeki wawili, haruhusiwi kugusa mpira, wenzake wanne wanacheza na watatu, na kazi yake ni kuwachezesha kwa mdomo. Wiki ya kwanza alikaa kimya kabisa. Ya pili alikuwa anasema "pasi, pasi" kama shabiki. Ilichukua muda kufika kwenye kusema nani, wapi, na lini.

Kuhusu dribo yenyewe sitasema mengi, mitandao imejaa watu wanaodundisha mipira miwili. Ila mkono wa kushoto unanichekesha. Sisi tumelelewa kwamba kutoa na kupokea kwa kushoto ni utovu wa adabu. Mtoto huyo huyo unamtaka atoe pasi ya mkono mmoja, wa kushoto, kwa mtu mzima, kwa kasi. Nimewaona wanaouhamishia mpira kulia kwanza ndipo watoe, na katika nukta hiyo beki ameshafika. Kuanzia hapo ninawaambia kwamba basketi imepewa ruhusa maalumu na bibi zao.

Skrini ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Mrefu wetu anakuja kumzibia njia beki anayemkaba dogo, na kuanzia hapo dogo ana kama sekunde moja na nusu ya kusoma. Beki wake akipita chini, nyuma ya skrini, nafasi ya kupiga iko wazi mbele yake, na asipopiga hawatamheshimu tena. Beki akilazimisha kupita juu, atabaki nyuma yake. Hapo dogo asikimbie. Ambebe yule beki mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko, aende taratibu, kwa sababu mbele yake sasa wako wawili kwa mmoja, yeye na mrefu wetu dhidi ya mrefu wao. Mrefu wao akimpandia, pasi ya kudunda kwa mwenzake anayeteremka kwenye ringi. Mrefu wao akirudi, amalizie mwenyewe. Wakibadilishana, yaani mrefu wao akabaki na dogo na mfupi wao akabaki na mrefu wetu, basi chini ya ringi kuna mtu anayeonewa, apelekewe mpira. Wakimbana wawili, arudi nyuma dribo mbili ili wamfuate, ndipo atoe. Na kama beki wa kona ameacha mtu wake kuja kuziba, mpira uende kona wakati yuko njiani, maana akishafika amechelewa na dogo naye amechelewa.

Kuyaandika ni aya moja. Kuyaingiza mwilini kulituchukua karibu miezi minne, na hilo la kona mpaka leo linamshinda mara moja kati ya tatu. Siri yake, kama kuna siri, ni wapi jicho linatazama. Dogo alikuwa anamtazama mwenzake anayetaka kumpa, na beki yeyote mwenye akili anafuata macho hayo kama kuku anavyofuata mkono wenye mahindi. Sasa anamtazama beki wa mwenzake. Mwenzake yuko palepale, tulishakubaliana atasimama wapi. Anayebadilika ni beki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo video za makocha wa Marekani hazitakufundisha, kwa sababu ni letu. Kiwanja chetu kinakusanya rika zote. Dogo anacheza pamoja na bodaboda mwenye watoto wawili, fundi wa gereji, mwalimu wa shule ya msingi aliyewahi kumfundisha mdogo wake. Nyumbani amelelewa kuamkia, kupokea kwa mikono miwili, kutomkatiza mkubwa anapoongea. Halafu jioni saa kumi na moja ninamwambia waamrishe hawa.

Hakuwaamrisha. Alikuwa anaonyesha kwa kidole, kwa woga, kama anayeomba njia kwenye harusi ya watu. Mbaya zaidi, mkubwa yeyote aliyeita "Lete!" aliletewa, hata akiwa amesimama mahali ambapo hata Michael Jordan asingefunga. Nikihesabu mashambulizi yaliyoharibika mwaka ule wa kwanza, ninaamini zaidi ya nusu yaliharibiwa na adabu.

Makocha wenzangu wana jibu la haraka: uwanjani hakuna shikamoo. Nililijaribu, halifanyi kazi. Mechi ikiisha dogo anarudi na hawa hawa kwenye hiace moja, na mmoja wao ni jirani ambaye mama yake humtuma kwake kuazima ngazi. Huwezi kumwambia mtoto aivue heshima saa kumi na moja kama koti kisha aivae saa moja. Na hata angeweza, mkubwa hajakubali kuvuliwa.

Kilichosaidia kilikuja kwa utani. Tukavipa vituo vya hiace kazi. Skrini ya juu inaitwa Mbauda, mwendo wa kumwachia mrefu chini ni Kijenge, na kufungua kona mbili ni Sakina. Dogo akipaza sauti "Mbauda!" hajamtuma mtu. Ametaja kituo, na kila abiria anajua kama ni chake. Yule bodaboda ambaye angekasirika kusikia "wewe njoo hapa" anakuja mwenyewe mbio, kwa sababu kuchelewa kituoni ni aibu yake, haihusiani na umri wa aliyeita.

Jambo la pili nilimfundisha aongee kabla ya mchezo, pembeni, kwa lugha yake ya nyumbani. "Kaka, ukishika ribaundi mimi nitakuwa kushoto kwako, huna haja ya kunitafuta." Hapo ameomba, ameeleza, na mkubwa ameitikia. Mchezo ukianza, neno moja "kaka, kushoto" linakumbusha makubaliano ambayo mkubwa mwenyewe aliyatia saini. Hata mimi nilikwenda kuongea na wakubwa kabla yake, na hapo mwanzo mmoja alinijibu, "Yaani huyu mtoto ndiye anipangie?" Jioni ile alikimbia kona mara mbili, mara zote mbili mpira ukamkuta mikononi akiwa peke yake, akafunga zote. Sikuhitaji kurudia hotuba. Dogo naye ameshika sheria moja: mkubwa akikimbilia mahali tulipokubaliana, apate mpira mara ya kwanza kabisa, hata kama kuna pasi nzuri zaidi. Deni hilo likilipwa mapema, baadaye unaweza kumnyima mara tatu na hatanung'unika.

Nikirudi kwenye makosa, maana yalikuwa mengi. Usiku ule wa 2009, aliyeitwa mara tu baada ya Thabeet, wa tatu, ni James Harden. Kwa miaka alijulikana kama namba mbili. Msimu wa 2016–17 kocha Mike D'Antoni akamkabidhi kazi ya kuchezesha Houston Rockets, na asisti zake zikapanda kutoka 7.5 hadi 11.2 kwa mechi, nyingi kuliko za mtu yeyote kwenye ligi. Msimu huohuo alipoteza mipira 464, idadi ambayo kabla yake hakuna aliyewahi kuifikia kwa msimu mmoja. Huyo ni mtu mzima wa miaka 27 aliyekwisha kuwa nyota. Mtoto wa 16 unayemwomba afanye mageuzi yaleyale utampa ruhusa ya kupoteza mipira mingapi?

Kwenye timu ya shule, jibu ni miwili. Mwalimu anayeandaa kikosi cha UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ana wiki chache, jezi zisizotosha, na mkuu wa shule anayetaka kikombe ofisini. Mmoja aliwahi kumtoa dogo dakika ya nne na kumrudisha baadaye kama mfungaji, mpira ukapandishwa na mwingine. Nilikasirika, nikalala, asubuhi nikamwelewa. Mashindano ya wiki mbili si mahali pa kutengeneza pointi gadi, hapo unatumia ulichonacho. Kazi hii ni ya miezi ile iliyobaki, ya mechi za kirafiki Moshi ambazo hakuna anayezikumbuka, za Jumamosi zisizo na mashabiki. Tatizo ni kwamba miezi hiyo hakuna anayemwangalia mtoto, kwa hiyo anarudi nusu uwanja, mpaka 11, mshindi anabaki.

Daftari limetusaidia kuliko nilivyotarajia. Akitoka nje anaandika mwenyewe: mpira umepotea wapi, na nani hajaugusa kwa mashambulizi matatu mfululizo. Safu ya kwanza ilimfundisha kwamba karibu mipira yake yote inapotea sehemu moja, kwenye kona ya mstari wa kati na ule wa pembeni, ambako mistari miwili ni mabeki wawili wa bure. Safu ya pili ndiyo ya konda. Mtu ambaye hajagusa mpira mara tatu ameanza kulala kwenye ulinzi, na dogo sasa anamwona kabla yangu.

Kuna kosa moja nililifanya mimi. Katika hamu ya kumgeuza, nilimkataza kupiga. Kwa mwezi mzima alipokea, akatoa, akapokea, akatoa, na mabeki wakagundua. Wakarudi nyuma hatua tatu, wakaziba njia za pasi, na mtoa pasi wetu akawa hana mahali pa kutoa. Pasi ya Curry kwenye kona ile ilikuwa na thamani kwa sababu Loyola walimwogopa kiasi cha kumpa watu wawili. Nani angempa watu wawili mtu asiyepiga? Niliondoa katazo na kumwomba radhi mbele ya wenzake.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati, siku hizi namba zimekufa, kila mtu anacheza kila mahali. Watakutajia Nikola Jokić, senta wa mita 2.11 aliyechukuliwa wa 41 mwaka 2014, na ambaye msimu wa 2024–25 alitoa asisti 10.2 kwa mechi. Nakubali. Ila Jokić hakuifuta kazi ya konda, ameifanya akiwa amekaa siti nyingine. Ikiwa kuna mrefu wa mita 1.90 hapo shuleni kwako mwenye jicho hilo, mpe yeye. Na si kila gadi anayefaa kugeuzwa. Nina mmoja ambaye nilimjaribu miezi miwili nikamrudisha namba mbili, na timu nzima ikapumua. Ninachotafuta sasa ni mtoto anayekereka wenzake wakisimama vibaya kuliko anavyokereka akikosa mtupo. Kereko hiyo sijui namna ya kuifundisha.

Dogo ana miaka 17 sasa. Amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, na mwezi wa saba anaondoka. Hivi ndivyo tunavyowapoteza wengi: unamtengeneza miaka miwili, kisha anapangiwa mahali ambapo huenda kuna ringi na huenda hakuna. Skrini hatafanya peke yake, lakini ukuta hauhitaji ruhusa ya mtu, na pasi mia za kushoto ukutani kila siku kabla ya kuoga zinawezekana popote.

Juzi alikuja na fomu ya shule yenye orodha ya vitu vya kwenda navyo: godoro, ndoo, fyekeo, rimu ya karatasi, shuka mbili. Mpira haumo, akaniuliza kama akienda nao watamrudisha getini. Nilimwambia auweke ndani ya ndoo, afunike na shuka. Tulijaribu palepale kibarazani: ndoo ya lita 20, mpira namba saba, na pembeni pakabaki nafasi ya sabuni na lile daftari.